Mikono Midogo ya Murdena

Murdena aliolewa kwa ajili ya mikono yake. Si mimi niliyesema. Ndivyo watu wa bonde letu la Glen Sorley walivyokuwa wakimtania Hector, mumewe, tangu siku aliyomshusha msichana huyo kutoka kwenye lori, na vidole vyake kama vya mtoto wa darasa la pili. Mama yake Hector, kizee asiyecheka, alimshika kiganja mbele ya wageni wa arusi, akakigeuza huku na huku, akasema, "Huyu ataingia." Alimaanisha ataingia ndani ya kondoo, pale mwanakondoo anapokaa vibaya tumboni na mkono wa mwanamume haupiti. Tangu hapo, kila mwaka theluji inapoanza kuyeyuka, kila zizi la bonde hili lilimwita Murdena. Nusu ya kondoo wa hapa walizaliwa mikononi mwake.

Mimi ni Flora Ann. Nakaa ng'ambo ya barabara, nimezaliwa hapa na sina mpango wa kuzikwa kwingine. Nimemjua Murdena miaka arobaini na sita, na katika miaka hiyo sijamwona akikimbia. Hector alipofariki, miaka sita iliyopita, sote tulidhani atauza kila kitu ahamie mjini karibu na hospitali kama wajane wengine. Hakuhama. Alibaki na kondoo majike kumi na wanne, dume mmoja mwenye kiburi, na bustani ya mboga nyuma ya jiko. Asubuhi anawasha kuni, anakunywa chai nyeusi kama lami, anakwenda bandani, anarudi, anakunywa nyingine. Mchana ni bustani, na samadi ya kondoo inakwenda kwenye kabichi, na majani ya kabichi yanarudi kwa kondoo. Jioni anasokota sufu. Soksi moja humchukua wiki nzima. Nikimwambia dukani zinauzwa jozi sita kwa mpigo, ananijibu, "Basi kanunue, Flora, uzivae mpaka Jumatano."

Majina ya kondoo wake ni ya wanawake wa kwaya waliokwisha kufa. Yupo Wilhelmina, yupo Euphemia, yupo Jessie Bell ambaye alikuwa shangazi yangu na hakuwa na sauti. Vuli iliyopita alimpokea pia paka wa rangi ya majivu aliyetokea barabarani. Paka akazaa watoto watano juu ya nyasi kavu za kondoo, na sote tukaona ni jambo la kupendeza. Mimi mwenyewe niliwapelekea maziwa.

Shida ni kwamba mikono ilimwisha. Baridi yabisi ilimwingia kwenye vifundo, vidole vikapinda, na majira haya ya kuzaa yalipofika hakuweza hata kufunga kifungo cha koti. Alinificha. Nilijua siku ile ya Aprili aliponipigia simu saa tatu asubuhi, akaniambia taratibu kabisa, "Wilhelmina anasukuma tangu alfajiri na hakuna kinachokuja. Mkono wangu hauingii tena."

Nilivuka barabara kwenye matope. Kondoo alikuwa amelala ubavu, macho yamemtoka. Na hapo ndipo nilipofungua huu mdomo wangu. Nilisema, "Ainslie wangu ana mikono kama yako."

Ainslie ni mke wa mwanangu Neil. Neil anafanya kazi kwenye visima vya mafuta kule mbali Alberta, wiki tatu huko na moja hapa, kama nusu ya vijana wetu, na Ainslie anakaa nami. Nilimwita kwa simu. Alikuja mbio amevaa viatu vya mvua vya mumewe, vinapwaya kama ndoo.

"Sijawahi kufanya hivi, shangazi Murdena," akasema.

"Hata kondoo hajawahi kufanyiwa na wewe. Mko sawa. Osha mikono, paka sabuni mpaka kiwiko. Kusanya vidole pamoja kama unaokota chumvi. Sasa ingia, polepole."

Ainslie alipiga magoti kwenye majani, akafumba macho. "Nimeshika kitu."

"Mguu au kichwa?"

"Nitajuaje?"

"Kichwa kina meno. Muulize."

Tulicheka wote watatu, hata yeye na mkono uko ndani. Murdena alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akimwongoza kwa sauti tu: rudisha nyuma, tafuta goti, fuata goti mpaka kwato, sasa vuta akisukuma. Wa kwanza alitoka amekufa. Wa pili alitoka hai, dhaifu, amelowa. Ainslie alimsugua kwa majani mpaka akapiga chafya, na yule msichana akalia kwa furaha, akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono uliojaa damu. Nilijisifu siku nzima. Nilimwambia hata mtu wa posta.

Wiki iliyofuata Ainslie alikwenda kila siku. Jessie Bell akatupa mimba. Siku mbili baadaye, mwingine. Kisha watatu kwa siku moja, watoto wadogo wasio na manyoya, na kondo la nyuma lina madoa meupe. Kila mara Ainslie ndiye aliyetoa, ndiye aliyesafisha. Murdena alizunguka bandani, akahesabu, kisha akampigia simu daktari wa mifugo.

Daktari Boudreau ni binti wa Kifaransa wa upande wa juu wa pwani, mchapakazi, hana maneno mengi. Alikagua, akaweka mizoga midogo kwenye mfuko, akauacha mlangoni, akaja jikoni kunawa. Murdena alimwekea chai na biskuti za oti. Ainslie alikuwa anakausha vikombe.

"Nani amekuwa akiwashika hawa?" daktari akauliza.

"Sisi hapa," nikasema.

"Kuna mjamzito kati yenu?"

Mimi nina miaka sitini na sita, Murdena sitini na minane. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. "Daktari, mimi nikipata mimba padri atahama parokia."

"Na mimi kondoo watahama," akasema Murdena.

Daktari hakucheka. Alikuwa anamtazama Ainslie. Nikageuka. Msichana alikuwa ameshika kikombe kimoja kwa mikono miwili, na uso wake haukuwa na rangi.

"Wiki tisa," akasema. "Tulikuwa tunamsubiri Neil arudi, ndio tuwaambie pamoja."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nitakuwa bibi, jikoni kwa jirani, na wanakondoo waliokufa kwenye mfuko mlangoni. Nilitaka kusimama nimkumbatie lakini daktari alikuwa ameweka kikombe chini na anasema. Alisema mjamzito hatakiwi kabisa kukaribia kondoo wanaozaa, sembuse wanaotupa mimba. Hatakiwi kugusa hata nguo za aliyewahudumia. Kuna magonjwa zaidi ya moja, alisema, na baadhi yanamfanyia mwanamke vilevile yanavyomfanyia kondoo.

"Vilevile vipi?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeelewa.

"Aende kwa daktari wake leo. Si kesho."

Murdena alikuwa ameikamata meza kwa vile vidole vyake vilivyopinda.

Hospitalini walimchukua damu, wakasema majibu yatachukua siku kumi hivi. Siku kumi. Mimi nimezika mume, nimesubiri simu usiku Neil alipopata ajali ya gari, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa siku zile. Kila Ainslie alipokwenda chooni nilisimama kwenye ujia, nimejibanza ukutani, nasikiliza. Nilisubiri aite. Akikaa dakika moja zaidi, nashika kitasa cha mlango. Akitoka najifanya nakunja mataulo. Mataulo ya nyumba ile yalikunjwa mara mia.

Yeye alikuwa akinawa mikono mpaka ngozi ikawa nyekundu. Neil alipopiga simu alicheka naye, akamwuliza habari za chakula cha kambini, kisha akakata na kukaa akiutazama ukuta.

"Usimwambie, mama," akaniomba. "Yuko mbali, ataruka na ndege kuja kukaa tu kama sisi."

"Sitamwambia."

"Unadhani tayari?"

"Tayari nini?"

"Tayari imeshaanza ndani, ila mimi sijui."

Nilimwambia asiseme upuuzi, nikamkatia mkate. Nikajikata kidole.

Siku ya tano daktari wa mifugo alipiga simu. Vijidudu vilitoka kwenye kinyesi cha paka, alisema, hasa paka wachanga, kwenye nyasi kavu. Kondoo walikula, wakatupa mimba. Nikakumbuka maziwa niliyokuwa nawapelekea. Lakini mimi si mtu wa kubeba lawama peke yangu wakati kuna mwingine wa kugawana naye, na huyo mwingine alikuwa ng'ambo ya barabara. Ni paka wake. Ni banda lake. Ni yeye aliyepaswa kujua, mwanamke aliyekaa na kondoo miaka yote hiyo. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe sikuvuka barabara. Nilimtazama dirishani tu. Nilimwona mtu wa kijiji cha pili akija kuwachukua paka kwenye kreti. Nilimwona Murdena akifukia kitu nyuma ya banda kwa koleo, taratibu, akipumzika kila baada ya mara tatu. Udongo wa bustani ulikuwa umeshakauka vizuri, wakati wa njegere, na hakupanda. Sikujali. Nilijiambia sijali.

Siku ya nane Ainslie alikwenda mjini kwa daktari, walimpigia aje. Hawakusema kwa nini. Alikataa nimsindikize. Nilikaa nusu saa, nikaona nitapasuka, nikachukua koti nikavuka barabara kwenda kumtukana Murdena.

Hatugongi milango kwetu. Nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Hector, hajawasha jiko, na mezani kulikuwa na bakuli la njegere za mbegu alizoloweka. Zilikuwa zimeota humohumo bakulini, mizizi inaning'inia.

"Umekuja kunitukana," akasema. "Kaa kwanza."

"Sikai. Nataka uniambie kwa nini hukujua."

"Mgongo unamuuma?"

"Nani?"

"Ainslie. Mgongo, chini huku. Unamuuma?"

Asubuhi ile, akivaa viatu, Ainslie alikuwa ameweka mkono kiunoni akajinyoosha. Nilimwona, nikajikataza kumwona.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Kwa sababu huanzia hapo."

Nikakaa. Murdena aliongea akiitazama mikono yake. "Mei ile ya kwanza, mwaka nilioolewa. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Kondoo wa mama mkwe walitupa mimba saba, na mimi ndiye niliyewatoa wote. Kama wiki mbili baadaye mgongo ukaanza. Nilidhani ni uchovu. Jioni yake ikatoka, chumba kile pale." Alionyesha mlango ambao siku zote nimeujua kama stoo ya sufu. "Alikuwa wa kiume. Hector alimzika, hakuniambia wapi. Mama mkwe akasema ni kwa sababu nilibeba ndoo mbili za maji kwa pamoja. Na kweli nilibeba. Nimezilaumu ndoo zile miaka arobaini na sita. Baada ya hapo hakuja mwingine."

"Hukuniambia kamwe."

"Ningekwambia nini? Kwamba nilimuua mwanangu kwa ndoo za maji?"

Nilikumbuka utani wote wa bonde hili. Kwamba Murdena anazalisha kila kitu isipokuwa yeye. Nilikuwepo uliposemwa. Nadhani mara moja ni mimi niliyeusema.

"Boudreau alipokuwa anaongea pale mezani," akaendelea, "nilihesabu. Wale saba, halafu mimi. Lakini sikuweza kusimama kusema, maana msichana alikuwepo. Ningemwambia nini, na yeye anatetemeka? Naona umeogopa, Flora. Wewe unaogopa usichokijua. Mimi najua inavyokuja, najua inachukua muda gani, najua sauti yake ikianguka kwenye beseni. Nimekaa kwenye kiti hiki siku nane nasubiri uvuke barabara uje unifuate nikusaidie."

Nilivuta kiti karibu na chake, tukakaa tukitazama barabara. Gari lolote lililopita, sote wawili tuliacha kupumua. La kwanza lilikuwa la maziwa. La pili silijui. Nilikuwa najaribu kuomba na maneno yananitoroka, nabaki na "tafadhali, tafadhali" tu. Murdena alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama chuma cha nje.

La tatu lilikuwa la Neil, likiendeshwa na Ainslie. Halikuingia kwangu. Liligeukia kwa Murdena.

Ainslie aliingia na karatasi mkononi. Alikuwa amelia, na sikuweza kujua ni kilio gani.

"Ugonjwa ni wa zamani," akasema. "Niliupata zamani. Nilipokuwa mdogo, kwa bibi, alikuwa na kondoo na paka kumi na moja. Damu inaonyesha. Mwili una kinga tayari, haupiti kwa mtoto. Wamenipima na magonjwa mengine, yote hakuna. Walinipigia niende kwa sababu walitaka kunieleza ana kwa ana, basi, nami nimeendesha njia nzima nikijua nimeshampoteza." Akaanza kucheka na kulia pamoja. "Anaendelea vizuri, mama. Nimesikia moyo wake."

Nililia mpaka nikaona haya. Murdena alimtazama kiunoni. "Mgongo je?"

"Mgongo ni godoro la mama. Lina shimo kama kaburi."

"Nitakununulia jingine," nikasema. "Nitanunua matatu."

Ainslie alikaa kwenye mkono wa kiti changu, maneno yanamtoka mbio, kama mtu aliyefunguliwa mdomo. "Daktari anasema nina bahati kukulia bandani. Anayeumia ni yule ambaye hajawahi, anaupata mara ya kwanza na mimba iko tumboni. Tuseme mtu ametoka mahali pasipo na kondoo, anaolewa, anaingizwa bandani moja kwa moja. Huyo ndiye hana kinga hata kidogo."

Murdena ni binti wa wavuvi wa kamba wa baharini. Mpaka Hector alipomshusha kwenye lori alikuwa hajawahi kumgusa kondoo. Ainslie hakujua. Nilimtazama Murdena, naye akanitingishia kichwa kidogo, kwamba nisiseme. Kisha akanyanyuka, akamkumbatia yule msichana, akamshika muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akimshika mtu.

Bandani Euphemia alianza kulia, ile sauti ya chini ya kuanza kusukuma. Alikuwa wa mwisho kati ya waliobaki na mimba. Ainslie akaenda moja kwa moja kwenye viatu.

"Wewe kaa hapo," akasema Murdena.

"Lakini nina kinga, shangazi. Daktari kasema."

"Nimekwambia kaa." Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Ainslie aliviachia viatu. Murdena akashusha sauti. "Kaa, mwanangu. Washa jiko, weka miguu juu, ule hizo biskuti zote. Magonjwa si hilo moja. Hii kazi ina watu."

Watu wenyewe tulikuwa sisi wawili. Tulivaa glavu ndefu alizoacha Boudreau. Mikono yangu ni mikubwa, ya kuchimba viazi, na Euphemia alinung'unika nilipoingia, lakini Murdena alikaa kwenye ndoo akaniongoza kama alivyomwongoza Ainslie: polepole, tafuta goti, fuata goti. Nilikuwa nusu ya njia aliposema, kwa sauti ileile ya kuongoza kondoo, "Siku ya mwisho ya wale saba nilimwomba mama mkwe nipumzike. Nilikuwa nimechoka. Akasema wamebaki wawili tu."

"Hakujua, Murdena."

"Hakuna aliyejua. Sasa vuta."

Nilivuta. Mwanakondoo alitoka hai, mzito, akapiga teke kabla hajagusa majani. Nilimgeukia Murdena nimwonyeshe. Hakuwa akimtazama mwanakondoo wala mimi. Alikuwa amegeuka kwenye ndoo yake, anautazama mlango, kuona kama Ainslie ametufuata.